Watano Waliotia Sahihi

Siku ya kwanza nilipofika nyumbani kwake, katika mji wa Bowie karibu na Washington, mzee alinifungulia mlango mwenyewe, ameegemea kitembezi cha miguu minne alichopewa hospitalini. Aliniangalia kuanzia kichwani hadi kwenye viatu vyangu vyeupe vya kazi, akainamisha kichwa na kusema, "Shikamoo, dada."

Mimi ni mtu wa Molo nchini Kenya, kule juu kwenye baridi na viazi, na kwetu hatuamkiani hivyo. Shikamoo niliijua ya redio na ya vitabu vya shule. Lakini hata mtu wa Molo anajua kwamba mzee wa miaka themanini na mitatu hamwamkii shikamoo mwanamke wa arobaini na moja aliyekuja kumvalisha soksi.

"Mzee," nikamwambia, "hiyo ni mimi nakupatia wewe. Wewe unaitikia marahaba."

"Nilifundishwa kwamba ni salamu ya heshima."

"Ni ya heshima. Lakini inapanda, haishuki."

Alifikiri kidogo. "Basi anza wewe."

Nikamwamkia. Akaitikia polepole, kama mtu anayeonja mchuzi kujua kama chumvi imekolea. Kisha akaniambia kwa Kiingereza kwamba amelijua neno hilo zaidi ya miaka hamsini, na hajawahi kupewa na mtu yeyote.

Kampuni ya wahudumu iliyonituma ilikuwa imeniambia tu kwamba ni Mmarekani mweusi, mjane, amefanyiwa upasuaji wa nyonga, anahitaji mtu asubuhi nne kwa wiki wa kumsaidia kuoga, kumpikia na kumtembeza. Habari za Kiswahili hakuna aliyezijua. Alijifunza akiwa kijana, kwenye chumba cha chini cha kanisa moja mjini Washington, miaka ile ambapo wengi wa watu wake walikuwa wakikitafuta Kiswahili kama mtu anayetafuta kitu kilichopotea nyumbani kabla hajazaliwa. Mwalimu wao alikuwa mwanafunzi kutoka Tanzania. Kitabu walichotumia alikuwa nacho bado, jalada limeshatoka. Kwa hiyo Kiswahili chake kilikuwa kisafi kuliko changu, ila kilijaa mambo ya kitabuni, ya mpishi na sokoni. Ukimuuliza hali yake alikujibu sawasawa, na ukikaa kimya alikuambia kwamba mpishi amekwenda sokoni kununua ndizi mbivu.

Mimi nikisema "kitabu yako iko wapi," alikunja uso kana kwamba nyonga imemuuma.

"Kitabu changu, dada. Kiko wapi."

"Mzee, Kenya tunasema hivyo na tunaelewana."

"Basi mnaelewana kwa makosa."

Mke wake, aliyefariki miaka minne kabla ya mimi kuja, alikuwa amekubali kujifunza maneno mawili tu, asante na nyamaza. Mzee alisema hilo la pili alilitumia vizuri sana.

Hapa lazima niseme jambo ambalo sijivunii. Nilipokuja nchi hii tuliishi wanawake watatu wa Kenya katika nyumba moja ya kupanga kule Laurel, wote tukifanya kazi katika makao ya wazee. Wiki ya kwanza nilipewa mawaidha ya wageni: nunua koti zito, usichelewe kazini hata dakika moja, na usijichanganye sana na Wamarekani weusi. Hilo la mwisho hakuna aliyenieleza sababu yake, na mimi sikuuliza. Nililibeba miaka kumi na moja kama kifurushi cha mtu ambacho hujakifungua. Kazini nilisalimiana nao vizuri, lakini wakati wa chakula cha mchana nilikwenda kwenye meza ya Wakenya.

Binti yangu alipokuwa darasa la nne alirudi na kazi ya mwezi wa pili, ule mwezi ambao shule hukumbuka historia ya watu weusi. Alitakiwa kuchagua mtu mmoja mashuhuri aandike habari zake. Nilikuwa nimetoka zamu, nimechoka. Nilimwambia, "Hiyo ni historia yao. Yetu iko Kenya. Andika tu upate alama."

Akaniuliza kwa Kiingereza, maana Kiswahili anakielewa lakini hujibu kwa Kiingereza kama watoto wengi wa hapa, "Na mimi ni wa wapi, kwani?"

Nilimwambia akaoshe vyombo.

Basi, nilianza kwa mzee mwezi wa kumi. Mwezi wa kwanza, sikukuu zimeshapita, alikuja kumtembelea mama mmoja wa kanisani kwake, mwalimu mkuu mstaafu, mwanamke mrefu ambaye hata akikaa kwenye kochi unahisi umeitwa ofisini. Alileta keki ya limau. Alimweleza mzee kwamba kila mwaka mwezi wa pili watoto wa kanisa huvaa nguo za watu mashuhuri na kusimulia walichofanya, na kila mwaka ni rubani yuleyule, jaji yuleyule na mwanasayansi yuleyule. Mwaka huu alitaka jambo jingine. Kila mtoto asimulie habari za mtu mmoja anayekaa kwenye viti vya kanisa lao wenyewe.

"Na wewe ulikuwa mpangaji herufi wa kwanza mweusi pale kwenye kiwanda cha uchapaji," alisema. "Tunakuhitaji."

"Nilifanya kazi, nikarudi nyumbani," mzee alijibu. "Tafuta mwingine."

"Hivyo ndivyo wote mnavyosema." Aliiacha keki mezani akaondoka.

Mzee alikuwa mpenzi wa keki. Ile hakuigusa siku mbili, mpaka nikaona niulize.

"Tutembee," akasema.

Mtaalamu wa viungo alikuwa amempa zoezi la kwenda na kurudi kwenye ukumbi wa nyumba, kutoka mlango wa mbele hadi mlango wa jikoni, mara ishirini. Nilikuwa nimegundua kwamba akizungumza anasahau maumivu, kwa hiyo nilimpa maswali kama mtu anayetia kuni jikoni. Siku ile sikulazimika kuuliza sana.

Alianza kazi akiwa na miaka kumi na tisa, katika kiwanda cha uchapaji mjini ambacho siku hizi kimegeuzwa kuwa nyumba za kupanga zenye madirisha makubwa. Walichapa kalenda, vitabu vya nyimbo za kanisa na vitabu vya shule. Watu weusi walikuwa watano. Walifagia, walisukuma matoroli ya karatasi, walisafisha mashine kwa mafuta ya taa. Chumba cha juu ndiko herufi zilikopangwa, herufi ndogo za madini ya risasi, moja baada ya nyingine, mpaka ziwe mstari na mistari iwe ukurasa. Huko waliingia na ufagio tu. Ili mtu awe mwanafunzi wa kupanga herufi alipaswa kufanya mtihani, na mtihani huo wao hawakuruhusiwa kuufanya.

"Kwa nini?" nikauliza.

"Dada," alisema, "unajua kwa nini."

Tukageuka kwenye mlango wa jikoni, tukaanza kurudi.

Herufi za chapa huwa zimegeuzwa, na mpangaji huzisoma kichwa chini, ili karatasini zitoke sawa. Mmoja wa wale watano, aliyekuwa mkubwa kwao, alikuwa amejifundisha kuzisoma hivyo wakati akifagia. Kila mchana, wakati wa chakula, aliwakalisha wenzake nyuma ya marobota ya karatasi, akachukua gazeti na kioo cha kunyolea, na kuwafundisha. Kwanza waliona kizunguzungu. Baada ya miezi michache mzee aliweza kusoma gazeti la mtu aliyekaa mbele yake kwa kasi kuliko mwenye gazeti.

Tulikuwa tumefika mara ya kumi na saba. Akasema amechoka, na kweli alikuwa amechoka. Nikamsaidia kukaa. Sikupata mengine siku ile.

Wiki iliyofuata theluji ilianguka na shule zikafungwa. Sikuwa na mtu wa kumwachia binti yangu, ambaye sasa alikuwa na miaka kumi na miwili, kwa hiyo nilimpigia mzee kumwomba ruhusa, nikaenda naye Bowie taratibu, magari barabarani yakifuatana kama watu wa mazishi. Mlangoni mtoto alisema "Hai." Nikamfinya mkono.

"Shikamoo," akasema, akiniangalia mimi.

"Marahaba, mjukuu," mzee akajibu. "Habari za theluji? Je, mpishi ameweza kwenda sokoni?"

Binti yangu alimkodolea macho, kisha akacheka, akajibu kwa Kiingereza kwamba hakuna mpishi, kuna mama yake tu.

"Nakusemesha Kiswahili, unanijibu Kiingereza," mzee alimwambia, bila ukali. "Mimi miaka hamsini natafuta mtu wa kunisemesha. Wewe unaye jikoni kwenu."

Mtoto aliona haya. Akajaribu. "Mimi naelewa, Babu. Kusema ndiyo ngumu."

"Hata mimi kusema ni vigumu. Kaa hapa."

Nikaingia jikoni kukaanga vitunguu nikiwasikia. Alimwambia aandike sentensi yoyote kwenye karatasi, naye ataisoma kutoka upande wa pili wa meza. Mtoto akaandika, mzee akasoma kabla kalamu haijanyanyuka. Mtoto akaandika nyingine kwa herufi ndogo za kuunganisha. Akasoma. Kisha mzee akamtuma kwenye kabati la sebuleni alete kisanduku cha mbao, na ndani mlikuwa na kifaa cha chuma cha kushika mkononi, kama rula yenye kingo, na herufi chache za risasi. Alimfundisha kulipanga jina lake, kutoka kushoto kwenda kulia, kichwa chini. Mtoto alikosea mara mbili. Mzee hakumsahihisha. Alimwacha aone mwenyewe.

Alimsimulia kwamba hatimaye alifanya ule mtihani, akaufaulu, na moja ya kazi zake za kwanza pale juu ilikuwa kitabu cha historia cha shule.

"Nilikuwa na kitabu kizima mbele yangu," alisema. "Watu wangu walikuwa na ukurasa mmoja na nusu. Nikaupanga vizuri kuliko kurasa zote."

"Hukuongeza kitu?" mtoto aliuliza. "Hata sentensi moja?"

Mzee alicheka kimyakimya, mabega yakitikisika. "Nililifikiria hilo."

"Sasa mbona hutaki wasimulie habari zako kanisani?" Sikuwa nimemtuma. Alikuwa ameyasikia kwangu nyumbani. Nilisimama na mwiko mkononi, nikaona nizime jiko.

Mzee alikisogeza kile kisanduku pembeni. Halafu akaeleza yaliyobaki, kwa Kiingereza, maana kitabu chake hakikuwa na maneno ya mambo hayo.

Watano waliandika barua kwa mwenye kiwanda wakiomba waruhusiwe kufanya mtihani. Aliyeiandika ni yule aliyewafundisha, kwa sababu mwandiko wake ulikuwa mzuri, na wote watano wakatia sahihi. Siku chache baadaye msimamizi aliwapanga mstari karibu na mashine, akauliza ni nani kati yao aliyeandika. Hakuna aliyejibu. Akasema basi wote watano watoke. Ndipo yule mwalimu wao akapiga hatua moja mbele. Alifukuzwa palepale, mbele ya kila mtu, na jina lake likapelekwa kwa wachapaji wengine wa mji ili asipate kazi. Wachungaji waliokuwa wakichapisha vitabu vya nyimbo pale walisikia habari hiyo, wakasema watapeleka kazi zao kwingine. Ikachukua miezi. Mwishowe wale wanne waliobaki wakaruhusiwa kufanya mtihani, na wawili wakafaulu.

"Yeye angekuwa wa kwanza," mzee alisema. "Alikuwa mzuri kuliko sisi sote. Aliendesha teksi mpaka akazeeka."

Alimwona mara moja tu tangu hapo. Alisimamisha teksi siku ya mvua, akaingia nyuma, na dereva akageuka. Walikwenda mwendo mzima wakizungumza habari za mvua. Kabla ya kushuka, mzee alimwambia kwamba siku moja atayasema yale mambo hadharani. Yule akamwomba asiseme. Watoto wake walikuwa wameambiwa kwamba baba aliacha uchapaji kwa sababu ya kifua.

"Kwa hiyo nikisimama pale mbele peke yangu, watu wapige makofi," mzee alimaliza, "nitakuwa nimemwibia."

Binti yangu alizichezea zile herufi mezani. "Basi mimi nitasema wote watano," akasema. Alilisema kama mtu anayesema kwamba mvua ikinyesha tutachukua mwavuli.

Mzee alitazama dirishani. Wenzake watatu aliwataja kwa majina palepale, na mtoto akayaandika. Wote walikwishafariki. La yule wa tano, mwalimu wao, ambaye naye ameshafariki, mzee alisema lisitamkwe kanisani kabla ya watoto wake kuambiwa. Hakujua wanaishi wapi, na ukimya wa miaka yote hiyo ulikuwa umeota mizizi.

Nilimpigia simu yule mwalimu mkuu mstaafu jioni ileile. Makanisa ya watu weusi ya huku yanajuana kama koo. Ilimchukua siku mbili kumpata binti wa yule dereva wa teksi, mwanamke wa miaka sitini na kitu, aliyestaafu kazi ya ofisi chuoni na anayeishi College Park. Mzee aliniomba nimpigie namba. Simu ilipoanza kulia alinirudishia mkononi. Ikabidi niseme mimi, na lafudhi yangu ya Molo, kwa mtu nisiyemjua, kwamba kuna mzee mmoja huku Bowie aliyefanya kazi na baba yake na ana jambo la kumwambia.

"Baba aliacha uchapaji kwa sababu ya kifua," alisema.

"Mama, naomba uje umsikie yeye mwenyewe," nikamjibu.

Alikuja Jumamosi. Haikuwa siku yangu ya kazi, lakini mzee alitaka niwepo, nami nilitaka kuwepo. Mwanamke alikaa na koti lake mwilini. Mzee alisimulia bila kupamba, na alipofika pale kwenye mstari karibu na mashine akanywa maji, akaendelea.

"Alijua atafukuzwa?" mwanamke aliuliza.

"Alijua."

"Na sisi tulikuwa watatu nyumbani."

"Hilo pia alilijua."

Alikasirika. Sikulitegemea, ingawa nikifikiri sasa naona ilikuwa haki yake. Alisema mama yake alifua nguo za watu miaka sita, akiamini mume wake ni mgonjwa. Alisema alikuwa akimwekea baba yake mafuta ya kifua kila baridi ilipoingia, naye akikubali kupakwa. Akamuuliza mzee alikuwa wapi miaka yote hiyo.

"Nilikuwa kwenye nafasi yake," mzee alijibu. "Ndiyo maana nilishindwa kuja. Aliniomba ninyamaze, nami nikajificha nyuma ya ombi lake."

Nilikwenda kuchemsha maji ya chai kwa sababu sikujua mikono yangu niiweke wapi. Niliporudi mwanamke alikuwa amevua koti. Alikuwa analia kidogo na kucheka kidogo. Alikuwa anamwambia mzee kwamba kila asubuhi, wakati wa chakula, baba yao alikuwa akiwasomea gazeti lililoshikwa na mama upande wa pili wa meza, kichwa chini, bila kukosea, na wao watoto walidhani ni mchezo tu wa kuwafurahisha. Walikuwa wakiwaita watoto wa jirani waje kuona. Mzee alifunika uso kwa mikono yake miwili, na niliposogea nikidhani nyonga inamuuma, nikakuta anacheka na yeye.

Mwanamke alikunywa chai yangu ya maziwa na tangawizi, akauliza kama kuna sukari zaidi. Kabla ya kuondoka alisema jina la baba yake litamkwe, na litamkwe la kwanza.

Mwezi wa pili ulipofika, Jumapili yenyewe, nilikosa ibada yetu ya Wakenya na kwenda Bowie na sufuria ya ndengu na chapati arobaini. Kina mama wa kanisa walikuwa wameniomba nivae kitenge pia. Miaka iliyopita ningenung'unika kwamba wananiita nikawapambie ukumbi. Siku hiyo nilivaa kile kizuri, cha zambarau.

Ukumbi ulijaa. Watoto walisimama mmojammoja. Kijana mmoja alisimulia habari za bibi yake aliyekuwa mkunga. Msichana alisimulia habari za mwanamume aliyefundisha hesabu katika shule mbili, ya kwanza ya weusi watupu na ya pili ambako alikuwa mwalimu mweusi pekee. Watu waliitikia kwa sauti, kama ilivyo desturi yao, "Sema, mtoto," na hilo liliwapa watoto nguvu. Binti yangu alikuwa wa sita. Wajukuu wa mzee wanaishi mbali, ndiyo maana alisimama yeye.

Alikuwa na karatasi mkononi lakini hakuitazama. Alieleza kwa Kiingereza habari za kiwanda, kioo cha kunyolea na barua. Akayataja majina matano, la dereva wa teksi likiwa la kwanza, kila moja akilisubiri litulie ndiyo ataje jingine. Kisha akasimama kidogo. Nilijua anatafuta neno. Akasema kwa Kiswahili, mbele ya ukumbi mzima wa watu ambao wengi wao hawakukijua, "Hawa ni wazee wetu. Tunawashukuru."

Sikuwa nimemfundisha hiyo sentensi. Wala mzee hakumfundisha, nilimuuliza baadaye.

Mwalimu mkuu alimwomba mzee asimame pale alipokaa. Nilishika kiwiko chake, akautoa mkono wangu, akasimama mwenyewe. Lakini hakugeuka kuyapokea makofi ya watu. Aligeukia safu ya nyuma alikokuwa amekaa yule mwanamke wa College Park na ndugu zake wawili, wanaume wazito waliotoka Baltimore na familia zao, akaanza kuwapigia makofi wao. Polepole ukumbi wote ukageuka. Wale ndugu walibaki wamekaa, wamepigwa na butwaa, mmoja wao akimshika dada yake bega kwa nguvu kama mtu aliye kwenye gari linalopita mashimo. Ilichukua muda kabla hawajasimama.

Chapati zilikwisha kabla ya kuku.

Tulipokuwa tukirudi Laurel niliamua kusema. Nilimwambia binti yangu kwamba ile siku ya darasa la nne nilikosea. Alikuwa amevua viatu, ameweka miguu kwenye dashibodi ingawa amekatazwa. Alisema hakumbuki siku gani. Nikamkumbusha. Akasema, "Aa, hiyo," kisha akaniuliza kama nilikuwa nikiwaogopa.

"Sikuwa nawaogopa. Sikuwa nawajua. Na niliona kutojua ni salama zaidi."

"Kwani walikufanyia nini?"

"Hawakunifanyia kitu," nikasema. "Ukiangalia vizuri, walinifungulia mlango kabla sijafika." Hilo lilikuwa wazo jipya hata kwangu mwenyewe, na sikuwa na maneno ya kuliendeleza. Nilikuwa nimezoea kusema kwamba nilikuja nchi hii kwa bidii yangu, na bidii ilikuwepo, lakini cheti changu cha kazi nilikipata kwa kufanya mtihani, na hakuna aliyewahi kunizuia mlangoni. Siku hizi kwenye makao ya wazee, ambako bado nafanya zamu, wakati wa chakula cha mchana nakaa meza yoyote. Si jambo kubwa. Mwanamke mmoja wa majimbo ya Kusini ya hapa amenifundisha kupika mchele na kunde kama kwao, nami nimeona unafanana na ule wa shangazi yangu.

Nyonga ya mzee ilipona mwezi wa nne na kampuni ikanihamishia kwa mteja mwingine. Kazi yangu kwake ikaisha, lakini Jumamosi nyingi tunakwenda Bowie kama watu wa nyumbani. Binti yangu humsomea kile kitabu kisicho na jalada, na mzee humsahihisha ngeli. Sasa wote wawili wananisahihisha mimi. Yule mwanamke wa College Park naye huja. Bado hajamsamehe kabisa, amesema hivyo mbele yake, na mzee amekubali. Huja hata hivyo, na hubishana naye habari za besiboli mpaka chai inapoa.

Majira ya kuchipua yalipokolea tulikwenda wote wanne mjini Washington, kwenye lile jumba kubwa la makumbusho ya watu weusi. Mzee alikuwa amelitembelea mara moja na mkewe. Tulizunguka saa tatu, yeye akiwa kwenye kiti cha magurudumu ambacho alikikubali kwa shingo upande, mpaka akatangaza kwamba njaa haina historia. Tukaingia mkahawani na trei zetu. Nilichukua mboga za majani, zile zao pana zinazofanana na sukuma wiki, zilizopikwa mpaka zikalegea.

"Zimeiva mno," nikasema. "Sukuma hukaangwa dakika tano, ibaki kijani."

Mwanamke wa College Park alinitazama kana kwamba nimetukana mtu. "Dakika tano," alisema. "Hizo ni mbichi. Mama yangu alikuwa anaziweka jikoni tukitoka kwenda kanisani."

"Basi mlikuwa mnakula maji."

"Tulikuwa tunakula chakula."

Mzee aliuliza kwa Kiswahili tunagombania nini. Binti yangu akamweleza, naye kwa Kiswahili, kwa kusitasita, na ngeli zote zikiwa mahali pake. Mzee alichukua uma, akaonja mboga kwenye sahani yangu, akatafuna kwa muda mrefu huku sote tukimsubiri, kisha akavuta sahani nzima upande wake.